Joto mahususi: mwongozo kamili wa kupima na kukokotoa joto linalohama

Nati za chuma zimechemshwa, zimetumbukizwa kwenye maji ya baridi, halijoto imesomwa, hesabu imefanyika, na jibu la joto mahususi limetoka 376. Mwanafunzi anafungua jedwali, anakuta chuma ni 450 na shaba ni 390, anaanza kuamini kwamba mwenye duka amemuuzia shaba.

Jibu hilo, au ndugu zake wa karibu, nimelikuta kwenye madaftari mengi mno. Nati ni za chuma. Kuna vitu viwili tu ambavyo havikuandikwa kabla ya kanuni kuanza kutumika, na vitu hivyo viwili vinatosha kugeuza chuma kuwa shaba kwenye karatasi. Tutafanya jaribio zima kwa mikono hadi tuvione, kisha hesabu ileile tuipeleke kwenye birika la umeme, barafu na ndoo ya maji ya kuoga. Usiruke jaribio ukakimbilia hesabu. Aliyewahi kuona kipimajoto kikipanda nyuzi 9 tu baada ya kutumbukiza chuma cha moto hasahau tena maana ya joto mahususi.

## Vitu vya kuandaa

- Nati za chuma, jumla gramu 300 hivi. Za duka la vifaa vya ujenzi zinafaa, hata zilizopakwa zinki. Epuka zenye kutu, kwa sababu kutu hushika maji.
- Uzi imara wa kuzifunga nati zote pamoja kama shada.
- Sufuria ya maji, jiko, na kitambaa kinene cha kushikia.
- Kikombe chepesi cha alumini. Angalia vizuri: kikombe cha bati kilichopakwa rangi ngumu ya kung'aa si alumini, ndani yake ni chuma.
- Chombo kikubwa kuliko kikombe, pamoja na pamba au vitambaa vikavu vya kujaza katikati.
- Kipande cha kadibodi cha kufunikia, chenye tundu la kipimajoto.
- Kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110. Kipimajoto cha homa hakifai. Kinaishia nyuzi 42 hivi, na kile cha kioo ukikitia kwenye maji ya moto kitapasuka.
- Mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma hadi gramu 1.
- Kijiti cha kukorogea, daftari, kikokotoo.

Huna mizani? Nati zipimishe dukani. Maji yapime kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kwa silinda ya kupimia: mililita 1 ya maji ni gramu 1, na tofauti iliyopo haitasumbua kazi yetu.

Andika pia jedwali hili ukurasa wa kwanza wa daftari. Ni jouli (kipimo cha nishati) zinazohitajika kupandisha kilogramu 1 kwa nyuzijoto 1:

| Kitu | Joto mahususi (J kwa kg kwa nyuzijoto) |
|---|---|
| Maji | 4,200 |
| Mafuta ya taa | 2,200 hivi |
| Barafu | 2,100 |
| Alumini | 900 |
| Mchanga mkavu | 800 hivi |
| Chuma | 450 |
| Shaba | 390 |
| Risasi | 130 |

## Hatua ya 1: Tenganisha joto na halijoto

Kwa Kiswahili cha kila siku neno "joto" linabeba mizigo miwili. Tunasema "leo kuna joto", na tunasema "joto la mtoto limefika 39". Nyumbani hakuna anayepotea. Kwenye hesabu, hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo kuanzia sasa tugawe mizigo.

Halijoto ni kile kipimajoto kinachosoma, kwa nyuzi. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda kwenye chenye halijoto ndogo, kwa jouli. Kipimajoto hakipimi jouli hata siku moja. Jouli unazikokotoa.

Joto mahususi ndilo linalounganisha hivyo viwili: jouli ngapi zinatakiwa ili kilogramu 1 ya kitu ipande nyuzijoto 1. Maji yanadai 4,200. Chuma kinaridhika na 450. Ndiyo maana ukipita ufukweni saa saba mchana mchanga unakuchoma nyayo, na hatua mbili mbele maji ya bahari bado yanaburudisha, ilhali jua ni lilelile. Sehemu ya sababu ni hizo namba za jedwali. Sehemu nyingine ni kwamba mwanga wa jua huzama ndani ya maji na mawimbi yakayachanganya, lakini mchanga hupokea kila kitu kwenye tabaka lake la juu.

Kanuni yenyewe ni fupi:

Q = m × c × ΔT

Q ni joto kwa jouli, m ni tungamo kwa kilogramu, c ni joto mahususi, na ΔT ni badiliko la halijoto, yaani kubwa kutoa ndogo.

*Utajuaje umeelewa?* Jibu swali hili bila kuangalia mbele. Kijiko cha maji yanayochemka (gramu 10, nyuzi 100) na ndoo ya maji vuguvugu (kilogramu 20, nyuzi 35), vyote vikipoa hadi nyuzi 25, kipi kitatoa joto jingi?

Kijiko: 0.010 × 4,200 × 75 = jouli 3,150. Ndoo: 20 × 4,200 × 10 = jouli 840,000. Kijiko kina halijoto kubwa, lakini ndoo inatoa joto zaidi ya mara 260. Ukiona jambo hili halikushangazi tena, endelea.

## Hatua ya 2: Fungua daftari la mtoaji na mpokeaji

Hii ndiyo hatua ninayoiomba kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mwenye duka hafungi siku bila kuandika nani ametoa na nani amepokea. Joto nalo lina daftari lake: kilichotoka kwa mmoja lazima kionekane kwa mwingine.

Kabla ya kugusa kanuni, chora jedwali hili:

| Kitu | Anatoa au anapokea? | Tungamo (kg) | c | Halijoto ya mwanzo | Halijoto ya mwisho | ΔT |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Nati | Anatoa | | ? | | | |
| Maji | Anapokea | | 4,200 | | | |
| Kikombe | Anapokea | | 900 | | | |

Tazama mstari wa tatu. Kikombe nacho kinapokea. Kinagusa maji, kinapanda pamoja na maji, na joto lake halitoki mbinguni, linatoka kwenye nati zilezile. Asiyekiandika kwenye daftari amemwacha mdaiwa mlangoni. Hiki ni kitu cha kwanza kati ya viwili vinavyogeuza chuma kuwa shaba.

Kutoka kwenye jedwali, sentensi ya hesabu inajiandika yenyewe:

joto lililotolewa na nati = joto lililopokelewa na maji + joto lililopokelewa na kikombe

*Tahadhari:* usijumlishe 273, ile namba ya kubadili nyuzi kuwa kelvini, kwenye ΔT. Badiliko la nyuzijoto 9 ni badiliko la kelvini 9, kwa kuwa ukijumlisha 273 juu na 273 chini, ukitoa zinafutana.

## Hatua ya 3: Pima tungamo, vitu vikiwa vikavu

Pima nati. Pima kikombe kitupu. Tia maji, pima tena, toa uzito wa kikombe. Badili gramu kuwa kilogramu papo hapo, kabla hujafunga kalamu.

Maji yasiwe mengi. Yatoshe kuzifunika nati na kidogo zaidi, gramu 200 hivi. Sababu ni kipimajoto chako. Ukikosea kusoma nusu nyuzi wakati badiliko zima ni nyuzi 9, umekosea karibu asilimia 6. Ukiweka gramu 400 za maji, badiliko litashuka hadi nyuzi 5 hivi, na nusu nyuzi ileile itakula asilimia 10 ya jibu lako.

Vipimo tutakavyotumia kama mfano: nati 0.300 kg, maji 0.200 kg, kikombe 0.060 kg.

## Hatua ya 4: Maji yaanze yakiwa na ubaridi kidogo kuliko chumba

Weka kikombe ndani ya chombo kikubwa, jaza pamba pembeni na chini. Kisha yapoze maji kidogo, kwa maji ya mtungi au kipande cha barafu kilichoyeyuka chote, hadi yawe nyuzi 4 au 5 chini ya halijoto ya chumba. Ukitumia barafu, pima tungamo la maji baada ya kuyeyuka.

Kwa nini? Maji yaliyo moto kuliko chumba hupoteza joto kwenda hewani, na yaliyo baridi hupokea kutoka hewani. Tunategemea maji yapande nyuzi 9 hivi. Yakianza nusu ya safari chini ya halijoto ya chumba na kumalizia nusu juu yake, yanachopokea mwanzoni kinakaribia kufidia yanachopoteza mwishoni. Ukiwa na chumba cha nyuzi 28, anza na maji ya nyuzi 24.

Subiri dakika mbili ili kikombe na maji viwe na halijoto moja. Soma, andika: 24. Namba hiyo ni ya maji na ni ya kikombe pia.

## Hatua ya 5: Chemsha nati, na upime, usikisie 100

Ning'iniza shada la nati ndani ya maji yanayochemka kwa dakika kumi. Nati nene zinahitaji muda ili katikati nako kuwe na joto kama nje.

Sasa pima halijoto ya maji hayo yanayochemka. Wengi hawapimi. Wanaandika 100 kwa sababu kitabu kimesema maji huchemka kwa nyuzi 100. Kitabu kimesema kweli kwa mtu aliye usawa wa bahari, penye mgandamizo wa hewa wa kawaida: Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar. Ukipanda, hewa inapungua mgandamizo na maji yanachemka mapema. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu nyuzi 95. Nairobi, Mbeya na Kigali ni kati ya 94 na 95. Mpishi wa maharage aliyehamia Mbeya kutoka pwani analijua hili kwa mkaa anaoumaliza.

Hiki ndicho kitu cha pili kinachogeuza chuma kuwa shaba. Mfano wetu tuufanyie Arusha: kipimajoto kinasoma 95.

*Tahadhari:* ncha ya kipimajoto isiguse kitako cha sufuria, kwani hapo pana halijoto kubwa kuliko maji yenyewe. Usichemshe nati ndani ya chupa au kopo lililofungwa, mvuke utalipasua. Kipimajoto chako kikiwa cha zebaki na kikavunjika, fungua madirisha, waondoe watoto, usiguse vile vishanga kwa mkono wala usivifagie kwa ufagio.

## Hatua ya 6: Hamisha kwa sekunde tatu

Toa nati, zitikise mara moja kwa nguvu juu ya sufuria, zitumbukize kwenye kikombe, funika. Yote hayo kwa sekunde tatu.

Hapa unasukumwa na pande mbili. Ukichelewa, nati zinapoa hewani, na kila nyuzijoto 1 zinayoshuka ni jouli 135 ambazo hazitafika kwenye maji. Ukikimbia bila kutikisa, unabeba maji ya moto. Gramu 2 tu za maji ya nyuzi 95 zilizonaswa kwenye matundu ya nati zinaingiza jouli 520 hivi, zaidi ya asilimia 6 ya hesabu yote. Fanya mazoezi mara mbili kwa nati za baridi kabla ya kufanya kweli. Mkono ukishazoea, ndiyo uanze.

Yasiruke maji nje ya kikombe. Tone lililoruka limeondoka na joto lake, na tungamo uliloandika si la kweli tena.

## Hatua ya 7: Koroga na usome kilele

Koroga taratibu kwa kijiti, si kwa kipimajoto. Soma kila baada ya sekunde 10. Halijoto itapanda upesi, itasimama, kisha itaanza kushuka polepole. Unachotaka ni kile kilele, siyo namba uliyoikuta baada ya kujibu simu.

Kilele cha mfano wetu: 33. Hiyo ni halijoto ya mwisho ya vitu vyote vitatu, nati, maji na kikombe. Jaza safu yote kwa namba moja.

*Dalili za kufaulu:* kilele kimefika ndani ya dakika moja au moja na nusu, na kimekaa palepale kwa masomo mawili au matatu. Kama halijoto inaendelea kupanda kwa dakika kadhaa, hukukoroga vya kutosha au nati zimetokeza juu ya maji.

## Hatua ya 8: Kokotoa, mstari kwa mstari

Daftari sasa limejaa:

| Kitu | Tungamo (kg) | c | Mwanzo | Mwisho | ΔT |
|---|---|---|---|---|---|
| Nati (inatoa) | 0.300 | ? | 95 | 33 | 62 |
| Maji (yanapokea) | 0.200 | 4,200 | 24 | 33 | 9 |
| Kikombe (kinapokea) | 0.060 | 900 | 24 | 33 | 9 |

Maji yalipokea: 0.200 × 4,200 × 9 = 7,560 J

Kikombe kilipokea: 0.060 × 900 × 9 = 486 J

Jumla ya kilichopokelewa: 8,046 J

Nati zilitoa: 0.300 × c × 62 = 18.6 × c

Kwa kuwa kilichotoka ni kilichoingia: 18.6 × c = 8,046, hivyo c = 433 jouli kwa kilogramu kwa nyuzijoto.

Jedwali linasema 450. Tumekosa kwa asilimia 4 tu, na upande tuliokosea una maelezo: nati zilipoa kidogo njiani. Kwa vifaa vya jikoni, jibu lolote kati ya 420 na 480 ni kazi nzuri. Usilisahihishe liwe 450. Andika ulichopata na useme joto limepotelea wapi, kwa sababu mtahini anatafuta hilo hasa.

## Hatua ya 9: Jibu likikataa, lenyewe litakuambia ulikosea wapi

Nimechukua vipimo vilevile vya juu nikavikokotoa kwa makosa ninayoyakuta mara kwa mara. Linganisha na jibu lako.

Umepata 406? Umesahau kikombe. Jouli 486 hazikuandikwa.

Umepata 400? Kikombe kipo, lakini uliandika 100 badala ya 95.

Umepata 376? Makosa yote mawili kwa pamoja, na ndiyo ile shaba tuliyoanza nayo.

Umepata 378? Hili ni gumu kulitambua kwa sababu linafanana sana na lililotangulia. Kwenye ΔT ya nati ulitoa halijoto ya mwanzo ya maji, 95 kutoa 24, ukapata 71. Nati hazikushuka hadi 24. Zilishuka hadi 33 zikasimama hapo.

Umepata 2,980? Umetumia ΔT moja, ile 9, kwa vitu vyote. Kila kitu kina mwanzo wake na ΔT yake. Mwisho ndio pekee wanaoshirikiana.

Umepata 0.433? Nati umeziacha kwa gramu na maji ukayabadili kuwa kilogramu.

Na ukipata jibu kubwa kupita kiasi, 500 na kitu, rudi Hatua ya 6: ulibeba maji ya moto. Au nati zako ni za chuma kisichoshika kutu, ambacho joto lake mahususi ni karibu 500.

## Hatua ya 10: Peleka hesabu kwenye birika la umeme

Hapa mtoaji si kitu cha moto, ni umeme. Daftari ni lilelile: upande mmoja umeme umetoa, upande mwingine maji yamepokea, na tofauti imepotea.

Umeme unaotolewa = nguvu kwa wati × muda kwa sekunde.

1. Geuza birika likiwa tupu na halijachomekwa, usome wati kwenye kibandiko cha kitako. Tuseme 2,000.
2. Tia lita 1.5 za maji, yaani kilogramu 1.5. Pima halijoto: 25. Uko Dar es Salaam, kwa hiyo mwisho ni 100.
3. Washa, anza kuhesabu muda, simamisha linapojizima. Tuseme dakika 4 na sekunde 30, yaani sekunde 270.

Maji yalipokea: 1.5 × 4,200 × 75 = 472,500 J.

Umeme ulitoa: 2,000 × 270 = 540,000 J.

Gawanya: 472,500 ÷ 540,000 = 0.875. Asilimia 87.5 ya umeme imeingia kwenye maji. Iliyobaki imepasha mwili wa birika, imetoka na mvuke, na kidogo imetumika katika zile sekunde kati ya maji kuchemka na birika kujizima.

Yuniti moja ya Luku, au ya tokeni kwa aliye Kenya, ni jouli 3,600,000. Kwa hiyo chai hii imekula 540,000 ÷ 3,600,000 = yuniti 0.15.

Wengine wanapata ufanisi wa asilimia 60 wanalaumu birika. Kabla ya kulilaumu, fikiria umeme wenyewe. Wati 2,000 za kibandiko ni za volti 240. Jioni umeme ukishuka hadi volti 200, nguvu inashuka hadi wati 1,390 hivi, maana nguvu hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Birika linachukua dakika sita na nusu kwa kazi ya dakika nne na nusu, na ukizidisha muda huo kwa 2,000 unalipa birika deni lisilo lake. Fanya kipimo hiki saa ambayo umeme umetulia.

## Hatua ya 11: Barafu na mvuke, pale kipimajoto kinaponyamaza

Q = m × c × ΔT inafanya kazi pale halijoto inapobadilika. Barafu inapoyeyuka, kipimajoto kinabaki 0 hadi kipande cha mwisho kiishe, na joto linaendelea kuingia. Joto hilo huitwa joto fiche. Halipandishi halijoto, linavunja mshikamano wa chembe. Kanuni yake haina ΔT:

Q = m × L

Kwa barafu kuyeyuka L ni 334,000 J kwa kilogramu. Kwa maji kuwa mvuke L ni 2,260,000.

Kwa hiyo safari ya barafu ivunje vipande, kila kipande na mstari wake. Gramu 100 za barafu zimetoka kwenye friza zikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, unataka ziwe maji ya nyuzi 20:

- Barafu kupanda kutoka −10 hadi 0: 0.100 × 2,100 × 10 = 2,100 J
- Barafu kuyeyuka ikiwa 0: 0.100 × 334,000 = 33,400 J
- Maji kupanda kutoka 0 hadi 20: 0.100 × 4,200 × 20 = 8,400 J

Jumla ni 43,900 J. Angalia mstari wa kati: robo tatu ya joto lote imeingia bila kipimajoto kusogea. Anayeruka mstari huo amepoteza karibu hesabu nzima. Vilevile angalia kwamba mstari wa kwanza umetumia 2,100, c ya barafu, na wa tatu 4,200, c ya maji. Ni kitu kilekile, lakini hali tofauti, na c tofauti.

Barafu hiyo ingepoza maji kiasi gani kutoka nyuzi 28 hadi 20? Barafu inapokea 43,900, maji yanatoa m × 4,200 × 8. Ukigawanya, m ni kilogramu 1.3. Muuza maji ya matunda anayetia barafu kidogo kwenye jagi la lita moja na robo hajakosea.

Kwa upande wa mvuke, hesabu inakuwa onyo. Gramu 1 ya maji ya nyuzi 100 ikimwagika kwenye ngozi ya nyuzi 37, inatoa jouli 265. Gramu 1 ya mvuke wa nyuzi 100 kwanza inageuka maji na kutoa 2,260, kisha inapoa na kutoa hizo 265: jumla 2,525, karibu mara tisa na nusu. Ukifunua sufuria inayochemka, inua mfuniko upande wa mbali nawe ili mvuke utokee huko.

## Zoezi la kufungia: ndoo ya maji ya kuoga

Uko Arusha asubuhi. Ndani ya ndoo ya lita 20 kuna lita 15 za maji ya nyuzi 24. Unataka maji ya nyuzi 38. Maji ya jikoni yanachemka kwa nyuzi 95. Utie lita ngapi?

Daftari kwanza. Maji ya moto yanatoa: m × 4,200 × (95 − 38). Maji ya baridi yanapokea: 15 × 4,200 × (38 − 24). Pande zote mbili zina 4,200, kwa hiyo inafutika, na ndiyo maana mama zetu wamechanganya maji ya kuoga miaka yote bila kuijua c.

m × 57 = 15 × 14 = 210, hivyo m = lita 3.7 hivi.

Ukipima ukakuta 37 badala ya 38, ndoo yenyewe imepokea sehemu yake, nawe hukuiandika kwenye daftari. Ongeza theluthi moja ya lita hivi ya maji ya moto. Na siku zote maji ya baridi yatangulie ndani ya ndoo, ya moto yafuate, hasa nyumba yenye watoto.